Ndege ya kupima hewa hukwamia ardhini

Mhariri,

Kila kiangazi moshi wa mashamba na nyika unapotanda, wito ule ule husikika: serikali zetu zilete ndege ya utafiti ipime hewa ya Afrika Mashariki, tuache kutegemea makadirio ya watu wa mbali. Wito ni wa haki. Tatizo ni kwamba wanaoutoa huanza na ndege, na ndege ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Anayetaka wiki tatu za vipimo angani aanze kazi miezi 18 kabla, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni makaratasi, umeme na mitungi ya gesi.

Si jambo geni kwetu. Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe-146 yenye injini nne, iliruka kutoka Entebbe ikapima gesi ya methani inayotoka kwenye maeneo oevu ya Uganda, moshi wa moto wa nyika, na pepo za Ziwa Victoria. Mwezi huo una sababu zake. Januari ni kiangazi kaskazini ya ikweta, majani yamekauka na moto unawaka. Anayetaka moshi wa Rukwa au Ruvuma akija Januari atapokewa na mvua. Huko moto ni wa Juni hadi Oktoba. Tarehe huwekwa na swali la utafiti, kisha mengine yote hufuata.

Vibali ndivyo hula miezi. Ndege ya serikali ikihesabiwa ndege ya dola (yaani ya jeshi, forodha au polisi), Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 hairuhusu ndege ya dola kupita juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Barua hupitia ubalozini na wizara ya mambo ya nje kabla ya kufika kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na jeshi nalo lina neno lake, hasa kukiwa na kamera tumboni mwa ndege. Hapo bado hujawaombea watu vibali vya utafiti: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kwa Uganda, na Zanzibar ina utaratibu wake. Simu za setilaiti na vipima hewa vinavyodondoshwa kwa parachuti vinatumia masafa ya redio yenye leseni. Mashine ya kupanga chembe za moshi kwa ukubwa mara nyingi huwa na kipande kidogo cha poloniamu-210 au kriptoni-85 cha kusawazisha chaji ya umeme, na kwa Tanzania hapo ndipo inapoingia Tume ya Nguvu za Atomiki. Mwenye uzoefu huja na kisawazisha cha eksirei. Makaratasi hayaishi, ila hupungua. Isitoshe, poloniamu ikikaa bohari siku 138, nusu yake imekwisha.

Forodha inastahili mtu wake wa kudumu, wala si dereva atakayetumwa siku ile. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kuingiza kwa muda bila ushuru vitu vitakavyorudishwa. Kosa la kawaida ni kuandika kila kitu “vifaa vya kisayansi” kwenye orodha moja. Pampu na leza zitarudi. Butanoli (kimiminika cha kuhesabia chembe), vichujio na gesi havitarudi, au vitarudi vimepungua. Mtungi wa lita 10 wenye shinikizo la bar 200 hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Ukitoka mtupu mizani itasema, na ofisa ana haki ya kuuliza. Tengeni orodha mbili tangu mwanzo, ya vitakavyorudi na ya vitakavyotumika, kila kifaa na namba yake iliyochongwa juu yake, si namba ya kwenye kasha.

Mitungi hiyo ndiyo roho ya kazi. Ndani yake mna gesi ambazo kiwango chake kinajulikana kwa kipimo rasmi cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na kipimo cha ndani ya ndege hulinganishwa nazo mara kwa mara safarini. Zikikwama bandarini kipimo bado kitatoa namba, lakini namba isiyo na ndugu: huwezi kuiweka kando ya namba za Mlima Kenya au Mugogo, Rwanda, ambako vituo vya ardhini hupima hewa mwaka mzima. Kwa kuwa mitungi yenye shinikizo na butanoli ni mizigo ya hatari, haipakiwi kiholela kwenye ndege za abiria. Itangulie kwa meli, na mapema.

Tukifika uwanjani, watu wengi hawajui kwamba vipimo huwashwa kwa muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kupaa. Leza lazima itulie joto lake, pampu zikaushe mirija. Umeme wa ndege si ule wa ukutani: ni volti 115 zenye mizunguko 400 kwa sekunde, au volti 28 za mkondo mnyoofu. Viwanja vyetu vikubwa vina magari ya kuutoa, ila kwa muda wa kuhudumia abiria, si kwa saa nne kila alfajiri. Mkataba useme hivyo kwa maandishi. Umeme ukikatika dakika tano, pampu husimama, unyevu huingia, na asubuhi yote imekwenda. Joto nalo: ndege iliyofungwa kwenye maegesho ya Dar es Salaam hupita nyuzi 40 ndani, na leza hujizima zenyewe. Bila gari la kiyoyozi, msipange safari ya mchana.

Mwinuko nao una bei yake. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari na uwanja wa Jomo Kenyatta mita 1,624. Saa nane mchana hewa ya huko ni ya moto na nyepesi, na rubani atawataka mchague: mpunguze mafuta au mshushe rafu moja ya vipimo. Mabishano hayo yamalizwe mezani kwa hesabu ya uzito, miezi kabla, wala si chini ya bawa.

Sasa vipimo vyenyewe. Mdomo wa kuvutia gesi huelekezwa nyuma ili usimeze matone ya mvua na wadudu. Wale wa Ziwa Victoria huruka kama wingu la moshi na wanaweza kuziba kichujio kwa kupita mara moja. Mrija uwe wa tefloni na mfupi. Wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 na urefu wa mita 3 hubeba takriban mililita 38. Pampu ikivuta lita 1 kwa dakika, hewa huchukua zaidi ya sekunde 2 kufika kwenye kipimo, na ndege iendayo mita 100 kwa sekunde imeshavuka mita 230. Usiporekebisha hilo, utalisingizia shamba la jirani moshi wa shamba jingine. Mkuki wa moshi wenye upana wa kilomita 1 hupitwa kwa sekunde 10, hivyo kipimo kinachotoa wastani wa dakika moja kibaki nyumbani. Saa za mashine zote zifuate chanzo kimoja cha UTC, yaani saa ya kimataifa. Na hapa kwetu kuna mtego wa ziada: rubani na mnara wana UTC, ofisi za uwanja zina saa za Afrika Mashariki, fundi anahesabu saa za Kiswahili. “Saa moja” ya fundi ni 07:00 ya ofisi za uwanja na 04:00 ya rubani. Ubao wa mkutano uwe na safu zote tatu.

Kujua mji au eneo oevu linatoa methani kiasi gani, ndege hupita upande unakotoka upepo, kisha upande unakoelekea, ikirudia kwa ngazi kutoka mita 150 hadi juu ya tabaka la chini la hewa linalochanganyika. Tuseme methani imezidi kwa sehemu 20 katika bilioni, upana ni kilomita 30, tabaka lina kina cha kilomita 1.5 na upepo ni mita 5 kwa sekunde: hesabu inatoa takriban tani 10 kwa saa. Ukikosea upepo kwa mita 1 tu, tani 2 zimepotea au zimezuka. Upepo ukiwa chini ya mita 3, au ukigeuka katikati ya safari kama ufanyavyo ziwani, ahirisheni. Siku za akiba ziwe theluthi ya bajeti; mhasibu atalalamika, mwacheni alalamike.

Ngazi hizo zinawasumbua waongoza ndege kuliko tunavyodhani. Juu ya Ziwa Victoria hukutana anga tatu zinazoongozwa kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, na ndege inayopanda na kushuka kwa msumeno huvuka mipaka hiyo mara kadhaa kwa saa. Mpango upelekwe vituo vyote vitatu jana yake, wenye pointi zilezile na namba zilezile, baada ya mkutano wa ana kwa ana wiki kadhaa kabla. Wanavijiji nao watangaziwe redioni kwamba ndege itapita chini.

La mwisho ni nani atapata kiti ndegeni na nani atapata data, na yote mawili yaandikwe kabla ya kibali cha kwanza kutoka. Mtafiti wa hapa hapewi kiti kwa kuonekana uwanjani. Anahitaji mafunzo ya usalama na cheti cha afya, navyo huchukua muda.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zetu, kabla ya kumwandikia mwenye ndege yeyote, ziunde dawati moja la watu watatu: wa usafiri wa anga, wa forodha na wa hali ya hewa. Liwe na uwezo wa kupokea ombi moja na kulisambaza kwa ofisi zote nilizozitaja hapo juu, lenye tarehe ya mwisho ya majibu. Halihitaji jengo. Linahitaji barua ya uteuzi, na mtu atakayepokea simu saa kumi alfajiri, vipimo vinapowashwa na namba ya kibali haionekani kwenye mfumo wa mnara.

Mpimaji wa hewa,
Mwanza