Mbegu zako za Maryland

Uru, Moshi
12 Oktoba

Mama Mapacha mpenzi,

Kama jani la isale lingeweza kupita posta bila kusinyaa, ningelitia kwenye bahasha hii hata kabla ya salamu, maana nina la kuombea msamaha. Kila ulipouliza kwenye simu, "Maua yangu yanaendeleaje?" nilikujibu, "Yanaendelea." Sikudanganya sana, majani yalikuwa yanaendelea. Ila ua lenyewe, mwenzangu, sijaliona hata moja, na mwaka wa pili huu unakatika.

Usidhani nilizembea. Mbegu zako nilizisugua kwa msasa moja moja mpaka weupe ukachungulia, nikazilaza kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, nikazisia kwenye beseni bovu lenye tope. Kati ya kumi na mbili zikaota saba. Uliniambia huko kwenu Marekani hibiskasi hii inajiotea yenyewe kwenye mabwawa ya ghuba ya Chesapeake, miguu majini, na maua yake ni mapana kama sahani. Basi nikaipa mahali pazuri kuliko pote kihambani: kona ya chini, mfongo, ule mfereji wetu wa maji, unapopinda, penye magimbi. Mama mkwe alininunia wiki nzima kwa ajili ya magimbi yake. Zamu yetu ya maji ni Jumanne na Ijumaa, lakini kona ile hata siku zisizo zetu haikauki.

Miche ikafika magotini, ikasimama. Masika yakaja yakapita. Nikaweka samadi ya mbuzi. Nikapogoa. Jirani akaja, akaangalia, akasema labda nimeletewa dume, kama mpapai. Nilicheka, ila usiku nililiwaza.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu anayeuza miche kando ya barabara. Nilimwendea na jani nikitarajia aniulize udongo au wadudu. Akaniuliza, "Huko ilikotoka, mwezi wa sita jua linazama saa ngapi?" Nikakukumbuka wewe unavyolalamika kwamba mapacha wanagoma kulala kwa sababu saa mbili na nusu usiku bado kunaonekana. Nikamwambia. Akasema, "Basi, ugonjwa wenyewe ndio huo."

Kumbe mmea huu unahesabu giza. Kwenu Juni urefu wa mchana unakaribia saa 15, usiku unakuwa mfupi, na hapo ndipo unapojua kwamba ni wakati wa kutoa maua. Unataka mchana wa kama saa 14 hivi au zaidi. Sisi hapa, nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata nusu saa. Umekaa miaka miwili kwenye tope langu ukingoja kiangazi cha Marekani. Hata Novemba kwenu, ukisema mashina yamekufa kabisa hadi chini, mzizi unajua unachongojea, na Mei unachipua. Wa kwangu haukuwa na cha kungojea.

Akaniambia njia ipo: kuukata usiku vipande viwili. Taa iwake kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, mmea utadhani usiku ni mfupi. Tumevuta waya kutoka jikoni, tukaning'iniza balbu juu ya magimbi. Hii ni wiki ya tatu. Baba watoto anasema hajawahi kusikia umeme wa LUKU ukiisha kwa ajili ya maua, na wapita njia wanajiuliza tunalinda nini pale kwenye mfongo. Juzi nimeona kitu kama kitumba kwenye ncha ya mche mmoja. Sikupigii yowe bado.

Sasa sikiliza la pili, ambalo ndilo linaloniaibisha zaidi. Siku bwana shamba alipokuja kuona, alikuta tumetoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, na nimerundika pembeni yale magugu yenye miiba ninayoyafyeka kila mwaka. Akalivuta tawi moja, akanionyesha kitumba. "Na huyu je? Huyu ni ndugu yake." Akaniandikia jina kwenye kikaratasi, Hibiscus diversifolius. Ni hibiskasi ya Afrika hii hii, ya majimaji vilevile, inayodumu miaka, tena saa 12 zetu zinaitosha. Ua lake ni la manjano ya maziwa, katikati jicho jekundu linalokaribia weusi, na linatazama chini kama mwari mbele ya wakwe. Siku moja tu limekwisha, kesho linafunguka jingine. Miaka yote hiyo nilikuwa naligeuza mboji!

Nimechomeka vipande vinne ukingoni, vitatu vimeshika. Ukija kuyashika vaa mikono mirefu, hata vitumba vya mbegu vina manyoya yanayowasha vibaya. Na usiyapande karibu na bamia, ni ukoo mmoja, wale wadudu wekundu wanaonyonya mbegu za pamba wanahamia kote kote. Mimi nimeshajifunza kwa bamia zangu.

Desemba mkija, kitanda cha mapacha kipo tayari na mama mkwe ameshakusamehe yale magimbi. Usilete mbegu nyingine, tafadhali. Niletee ile swichi ya saa inayozima taa yenyewe, maana kuamka kila siku saa nane usiku kunanimaliza.

Wako,
Mama Mkubwa wao