Wafilisti: msiisahau jikoni kwa sababu ya DNA

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Ile makala ya asili ya Wafilisti, wale maadui wa Waisraeli kwenye Biblia, nimeisoma yote na nimeipenda, si kila siku gazeti letu linatoa nafasi kubwa hivyo kwa mambo ya akiolojia, ila kile kichwa cha habari kwamba DNA imemaliza ubishi na sasa ni rasmi walitoka Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, hapo hapana. Haijamaliza. Na msomaji anaweza kudhani kabla ya vipimo hivyo wataalamu walikuwa wanabahatisha tu, wakati ukweli ni kinyume kabisa.

Tuanze na hiyo DNA yenyewe. Utafiti ulitoka Julai 2019 kwenye jarida la Science Advances, kazi ya watu wa Taasisi ya Max Planck kule Jena, Ujerumani, wakishirikiana na timu ya wanaakiolojia iliyochimba Ashkeloni, mji mmojawapo wa Wafilisti. Walipima sampuli za mifupa zaidi ya 100, lakini joto la ukanda ule linaharibu vinasaba vibaya sana, wakaambulia watu 10. Kumi tu! Tena hao kumi si wa wakati mmoja: watatu waliishi kabla Wafilisti hawajafika, wanne ni watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba kwenye karne ya 12 KK hivi, na watatu ni wa baadaye, wametoka kwenye yale makaburi yaliyogunduliwa hapo Ashkeloni 2013. Hao wachanga wanne ndo waliokutwa na damu ya kusini mwa Ulaya ambayo waliotangulia hawakuwa nayo. Sasa walipojaribu kutafuta hiyo damu inafanana na ya wapi hasa, Krete ilikubali, lakini Sardinia nayo ikakubali, na Hispania nayo ikakubali. Hiyo Krete tunayoishikilia kwa nguvu tumeitoa kwenye Biblia, Amosi 9:7 na Yeremia 47:4 wanaposema Wafilisti walitoka Kaftori, na wasomi wengi wanaona Kaftori ndo Krete. Sisemi ni uongo, huenda ikawa kweli, ila maabara haijasema hivyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba makala imepita juu juu kwenye ushahidi mzito kuliko wote, ambao ni vyombo vya jikoni. Mmeandika sentensi moja tu kuhusu vyungu. Hivi mnajua mwanaakiolojia mama Trude Dothan aliyafanyia kazi mavyungu haya miaka mingapi? Sehemu kubwa ya maisha yake. Kwenye miji ile ya Wafilisti (Ashdodi, Ashkeloni, Ekroni, Gathi, na Gaza ambayo imechimbwa kidogo kwa sababu watu wanaishi juu yake) ukichimba tabaka la karne ya 12 KK unakuta ghafla bakuli na majagi ya mtindo wa Wagiriki wa kale wa Mikene. Mtu atasema basi ni biashara, waliagiza. Lakini udongo ulipopimwa ikaonekana ni wa hapo hapo, yaani mfinyanzi alikaa pale pale akafinyanga kwa mkono uliofundishwa ng'ambo. Baadaye kidogo wakaanza kupaka rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na wanachora yule ndege wao aliyegeuza shingo kutazama nyuma.

Halafu kuna ile jagi ya kupikia, na hapa naomba tukae kidogo. Wakanaani wenyeji walikuwa wanapikia chungu kipana, mdomo wazi, kitako cha mviringo, kinakaa juu ya moto. Wafilisti waliokuja, wao wana jagi la mdomo mdogo, kitako bapa, lenye mkono, na mara nyingi masizi yako upande mmoja tu, ule usio na mkono. Maana yake nini? Halikuwekwa juu ya moto, liliwekwa pembeni ya moto, chakula kinaiva polepole huku mkono wa jagi haupati moto sana mtu akitaka kulishika. Hayo majiko nayo yamekutwa ndani ya nyumba, katikati ya chumba, na wenyeji hawakuwa na desturi hiyo. Jagi la namna hii linajulikana pia Kupro na huko Ugiriki. Mtu hawezi kuniambia jeshi la wanaume lililokuja kupora ndo lilibeba namna ya kuchemsha chakula.

Na kufuma ni hivyo hivyo. Ashkeloni, wakati Lawrence Stager wa Harvard anaongoza uchimbaji, walikuta vidonge vya udongo usiochomwa zaidi ya 150, vya kuning'iniza kwenye nyuzi ili zikaze wakati wa kufuma, vimeumbwa kama kigurudumu cha uzi, baadhi vimelala kwa mstari sakafuni kama vilivyoanguka kutoka kwenye kitanda cha kufumia. Vile vya wenyeji vina tundu, hivi havina, uzi unazungushwa kiunoni mwa kidonge. Kidonge chenyewe hakina thamani yoyote, nani atasafirisha udongo mbichi baharini akauze? Kilichosafiri ni mtu anayejua kukitengeneza. Ongeza na mifupa ya nguruwe, ambayo inajaa ghafla kwenye miji hiyo (vijijini kwao si sana, tuwe wakweli), na 2013 vinasaba vya nguruwe wa huko vikaonekana kuwa na asili ya Ulaya. Nguruwe nao walipanda meli!

Ukiyaweka hayo pamoja na michoro ya Medinet Habu kule Misri, kwenye hekalu la Ramses wa III, unaelewa. Pale Farao anajisifu kwamba mwaka wake wa 8, ni kama 1175 KK, amewapiga watu wa baharini, mmojawapo ni Peleset ambao ndo Wafilisti wetu, na tunaangalia vita ya meli tunasahau upande mwingine ambapo kuna mikokoteni ya ng'ombe imepakia wanawake na watoto. Wamehama na familia. Sasa kama walikuja kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo, na kama walipitia Kupro kwanza, hapo wataalamu bado wanavutana na mimi naona bora wavutane.

Lingine ni hili la siasa ambalo makala imeligusa na kuliacha linaning'inia. Utafiti ulipotoka tu, Benjamin Netanyahu, wakati huo waziri mkuu wa Israel, akaandika mtandaoni kwamba Wafilisti wa kale hawana uhusiano na Wapalestina wa leo. Utafiti haukupima Mpalestina wala hakuna swali hilo ndani yake. Ulichoonyesha ni kwamba wale watatu wa makaburini, ambako baadhi ya watu walizikwa na kichupa cha marashi karibu na pua, ile damu ya Ulaya ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Ndani ya miaka 200 hivi walishaoa na kuolewa na wenyeji, na lile jiwe la maandishi la Ekroni lililopatikana 1996, la karne ya 7 KK, mfalme wao Ikausu ameandika kwa lugha ya Kisemiti (jamii ya Kiebrania) kama majirani zake ingawa bado mungu wao wa kike ana jina geni. Kwa hiyo ukimuuliza huyo Ikausu yeye ni wa wapi sidhani kama angekuonyesha bahari.

Ombi langu ni dogo, rekebisheni kile kichwa cha habari kwenye toleo la mtandaoni, na mwandishi wenu akiendelea na mada hii basi aende Gathi, ambako mwanaakiolojia Aren Maeir alianza kuchimba 1996 na kuendelea zaidi ya miaka 20. Kuna kigae kilipatikana pale 2005 chenye majina mawili yasiyo ya Kisemiti yanayofanana kidogo na Goliathi, vyombo vya habari vikakimbilia kusema ni cha Goliathi, na si cha Goliathi. Hiyo nayo inahitaji makala yake.

Msomaji wenu