Barua ya Kufunga Muhula: Ufundishaji wa Sayansi kwa Njia ya Uchunguzi

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: UFUNDISHAJI WA SOMO LA SAYANSI DARASA LA TANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pamoja na ripoti ya maendeleo ya mwanao iliyoambatanishwa na barua hii, naomba kujibu swali ambalo wazazi kadhaa wamelifikisha ofisini kwangu muhula huu: kwa nini daftari la Sayansi lina maelezo machache kuliko ilivyozoeleka, na kwa nini watoto wanarudi nyumbani wakiomba maharage, makopo na pamba.

Walimu wetu wameacha kuanza mada kwa kujaza ubao maelezo ya kunakili. Sasa wanaanza na swali. Wanafunzi hutoa makisio yao, hupanga jaribio na kuandika walichokiona, ndipo mwalimu anapowapa maelezo na istilahi zinazohitajika.

Katika mada ya kuota kwa mbegu, karibu darasa zima liliamini kwamba mbegu haioti bila mwanga. Mwalimu hakuwaambia kwamba wamekosea. Waliweka maharage katika makopo, mengine dirishani na mengine ndani ya kabati lililofungwa, na baada ya siku chache yote yakaota. Mabishano yalizidi pale mimea ya kabatini ilipoonekana mirefu kuliko ya dirishani, kwani wapo waliosema kuwa giza ndilo linalokuza mimea. Wengine wakaonyesha kwamba mashina yake ni membamba na majani yake ni ya njano, na iliponyauka siku zilizofuata wakaelewa, kwa macho yao wenyewe, kwamba ilikuwa ikiishi kwa akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu. Neno usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, lilipoandikwa ubaoni siku hiyo, lilikuta watoto wanaolihitaji. Kundi moja lilikuwa limemwagilia kopo la dirishani peke yake, na wenzao ndio waliowabana: mtajuaje kama tofauti imeletwa na mwanga au na maji? Swali hilo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko kurasa tatu za maelezo.

Si kila jambo linafundishwa hivyo. Majina ya sehemu za mwili, njia za kujikinga na magonjwa na hatari za umeme tunawaeleza moja kwa moja, kwa sababu hayo hayafai kusubiri mtoto ayagundue. Vilevile njia hii inakula muda, na mwalimu mwenye darasa kubwa analazimika kuchagua mada chache za kuchunguzwa kwa kina. Kuhusu mitihani, siahidi kwamba alama zitapanda ghafla. Muhtasari unakamilishwa na mazoezi ya maswali yanaendelea kama kawaida.

Wapo wanaodhani kwamba maswali mengi ni utovu wa adabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye friza ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo, ambalo wanasayansi wanalijadili hadi leo.

Kwa hiyo, katika likizo hii, mtoto akiuliza kwa nini chungwa lenye ganda huelea majini na lililomenywa huzama, naomba usimpe jibu haraka, hata kama unalijua. Muulize yeye anadhani nini, kisha mruhusu ajaribu kwenye beseni na kuandika matokeo katika daftari lake, hata yakiwa tofauti na alivyotarajia. Asifute makisio yake ya kwanza. Mwalimu atataka kuyaona.

Shule ikifunguliwa, Darasa la Tano litaanza mada ya umeme. Mwenye betri ya tochi, balbu ndogo ya tochi au kipande cha waya aje nacho. Asiye nacho asinunue, kwa kuwa wanafunzi watafanya kazi katika vikundi. Majaribio yote yatatumia betri za tochi tu, na naomba kila mzazi amkataze mtoto kabisa kufanya jaribio lolote kwenye soketi ya nyumbani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu