Barua kwa Mwanangu: Miwa ya Wifredo Lam

Mwanangu mpendwa,

Lalamiko lako kwamba wasurealisti, wale wasanii waliochota kazi zao katika ndoto, wote waliota ndoto za Paris nimelisoma mara mbili. Umemsahau mchoraji Wifredo Lam, aliyezaliwa mwaka 1902 Sagua la Grande, nchini Kuba, baba yake akiwa Mchina na mama yake akiwa na asili ya Kiafrika na Kihispania, na ambaye mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa mganga wa Santería, dini iliyozaliwa Kuba kutokana na imani za watumwa wa Kiyoruba.

Paris alifika, mwaka 1938, na mchoraji mashuhuri Picasso akampokea vizuri. Lakini Vita Kuu ya Pili vilimkimbiza, na mwaka 1941 akapanda meli Marseille, akarejea kwao baada ya miaka 18 ugenini. Alikuta ufukara, na imani za watu wake zimegeuzwa kitumbuizo cha watalii. Ndipo alipochora "La Jungla", aliyoimaliza mwaka 1943 juu ya karatasi inayozidi mita 2 kila upande. Jina hilo humaanisha msitu, ila itazame vizuri: yale ni mashina ya miwa, na miwa haijioteshi msituni, bali hupandwa na kukatwa na watu, ambao kule Kuba kwa muda mrefu walikuwa watumwa. Viumbe wake wenye nyuso za vinyago hawatenganiki na mashina hayo, na mmoja ameshika mkasi. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York iliinunua mwaka 1945, kisha kwa miaka mingi ikaitundika karibu na chumba cha kuachia makoti, jambo linalonikera hadi leo.

Mimi niliyezeekea katika uchapaji huvutiwa zaidi na kazi alizochapa Milano kwa mchapaji Giorgio Upiglio. Bamba la shaba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha huzamishwa katika asidi, ambayo hula pale tu sindano ilipopita. Wino husuguliwa ndani ya mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Mistari ya Lam, myembamba na mikali kama miiba, iliifaa mno kazi hiyo. Mwaka 1982, ule aliofariki, chapa zake zilitoka pamoja na mashairi ya Aimé Césaire, rafiki aliyempata katika kisiwa cha Martinique kwenye safari ile ya 1941.

Picha ya bamba hutoka imegeuka, kwa hiyo utakapochora lako la kwanza, andika jina lako kinyume. Ingawa mimi, niliyepanga herufi za risasi za uchapaji, ambazo nazo huwa kinyume, maisha yangu yote, nitalisoma vyovyote litakavyotoka.

Baba yako