Kelele za darasani na watoto wenye vifaa vya usikivu

Ndugu Mhariri,

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, wengi hudhani kwamba baada ya upasuaji mtoto husikia kama wenzake. Binti yangu, aliyepandikizwa kifaa hicho, hunisikia vizuri tukiwa wawili jikoni, lakini mvua ikipiga bati la darasa lao, maneno ya mwalimu humpotea kabisa, kwa sababu elektrodi 22 (ncha ndogo za umeme za kifaa hicho) zilizomo sikioni mwake haziwezi kuchambua sauti kama maelfu ya seli za sikio lenye afya. Naziomba shule zinunue maikrofoni ndogo ya kuvaliwa na mwalimu, inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa; kwa sasa, mtoto akalishwe mbele, mbali na dirisha, aione midomo ya mwalimu.

Mzazi,
Dar es Salaam