Habari ya kuhama Dar isiishie mpakani Bunju

Ndugu Mhariri,

Wakazi wa Dar es Salaam wanaohamia pembezoni huandikwa nusu nusu. Ukurasa wa biashara husifu viwanja vipya, habari za mikoani hulalamikia barabara mbovu. Anayehama ni yule yule, ila akivuka Bunju kuingia Mapinga, mkoani Pwani, anageuka kuwa habari ya mkoa mwingine.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Pwani ilitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu maradufu. Si wote waliotoka Dar. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga navyo vimevuta watu, na watoto wamezaliwa. Lakini wapo wengi wanaolala Kiluvya au Vikindu na kushinda Kariakoo. Mwandishi akisoma jedwali la Dar peke yake atasema jiji limepunguza kasi, kumbe limeshavuka mpaka.

Kinachowaondoa zaidi ni kodi. Wenye nyumba wengi hutaka ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Mwenye uwezo wa kukusanya fedha hizo huona heri azitangulize kwenye kiwanja, asimamishe vyumba viwili, ahamie kabla ya plasta ili kodi ikome. Benki haimkopeshi kirahisi kwa kuwa hana hati, hivyo nyumba inapanda kwa kadiri mshahara unavyobakiza.

Hapo ndipo gazeti lingemfaa, na hapo ndipo linanyamaza. Kiwanja cha "20 kwa 20" mara nyingi ni cha hatua, si mita. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15, na eneo ni mita za mraba 225 badala ya 400. Ukishatenga shimo la choo na njia ya gari la maji taka, nyumba uliyoichora haienei. Tena viwanja vya bondeni huonyeshwa wakati wa kiangazi. Mnunuzi huyajua maji masika yakifika, ameshamwaga msingi.

Karatasi ya serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano, haiwi hati. Kuona bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na mpimaji, shambani nako hakutoshi: namba zake zilinganishwe na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, katika ofisi ya ardhi ya halmashauri. "Upimaji uko kwenye mchakato" ni maneno ya dalali, na inauma kuyakuta yamechapishwa kama taarifa.

Nauli nayo haiandikwi. Bodaboda, daladala, kisha daladala ya pili: kwenda na kurudi ni nauli sita kwa siku, 156 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Mzidishie na watoto wawili wanaosoma bado mjini, uone kama kodi aliyoikimbia haijamfuata barabarani.

Tunaomba waandishi wa Dar na wa Pwani wafanye habari hii pamoja, wakianzia takwimu za sensa za kata. Na kila bei ya kiwanja inayochapishwa iambatane na vipimo kwa mita, namba ya ramani, umbali hadi nguzo ya umeme iliyo karibu, na nauli ya kufika mjini saa 12 asubuhi.

Wapimaji ardhi,
Kibaha