Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Njia za Kuunganisha Vitongoji Vyetu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka tunaoufunga leo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za maji na ada zimo katika taarifa za kamati ndogo mlizokwisha kugawiwa. Mimi nitabaki kwenye jambo lililokula muda wetu mwingi kuliko yote, nalo ni njia za kutoka kitongoji kimoja hadi kingine.

Sote tunajua jinsi milima yetu ya Usambara Magharibi ilivyokaa. Kila kitongoji kina barabara yake inayopanda kutoka bondeni na kuishia juu, uani kwa mtu wa mwisho. Mtu akisimama mgongo huu akaita, jirani wa mgongo wa pili anamsikia, lakini gari likitaka kwenda huko ni lazima lishuke mpaka barabara ya Soni–Bumbuli ndipo lianze kupanda upya. Udongo ukiporomoka mahali pamoja tu wakati wa masika, kitongoji kizima kimefungiwa. Wilaya nayo ina shida iyo hiyo kwa ukubwa wake: barabara ya lami ya Mombo–Lushoto ikizibwa na maporomoko, mabasi na malori ya mboga hukwama juu na chini, na ndiyo sababu habari ya njia ya mchepuko ya Dochi–Ngulwi–Mombo imefika hadi bungeni.

Masika iliyopita mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Familia ilipiga 115, namba ya bure ya mfumo wa M-Mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga, na dereva akatumwa bila kuchelewa. Alifika penye maporomoko akaishia hapo, taa za gari lake tukiziona kutoka juu. Vijana walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba mama yule kwa kijia cha mashambani hadi mgongo wa pili, ambako barabara ilikuwa nzima, na dereva akazunguka kuwapokea. Mama na mtoto ni wazima. Waliobeba wanasema kilichowatisha hakikuwa mlima bali kijito, kwa kuwa mawe ya kuvukia yalikuwa yamefunikwa na maji, ikabidi wawili waingie mpaka kiunoni na kuinua miti ile juu ya mabega ili blanketi lisiloe.

Kijia hicho ndicho tulichoamua kukipanua. Kwa miaka mingi kila kiongozi akija tumemwomba lami, nami nimekuwa mmoja wa waombaji, lakini kamati sasa inaona kwamba tulianza na la pili kabla ya la kwanza. Barabara ya lami isiyo na pa kutokea upande wa pili itazibwa na kifusi kile kile, na mgonjwa atabebwa vile vile.

Katika utekelezaji tulikosea, na ni haki yenu kujua. Tulipiga msaragambo, yaani kazi ya pamoja, tukachimba ukingo, pikipiki zikaanza kupita, tukafurahi. Kisha mwanachama mwenye gari aina ya Noah akakubali kuijaribu njia. Penye kona ya mparachichi gari lilishindwa kukata: ubavu wa nyuma uligusa ukingo, tairi la mbele likabaki nusu hewani, na tulilirudisha kinyumenyume kwa kamba na makelele mengi. Tulikuwa tumepima upana wa njia kwa futi kamba, wala hatukukumbuka kupima jinsi gari linavyogeuka. Zaidi ya hayo, tuling'oa majani yaliyokuwa yakishikilia udongo upande wa juu, na mvua za vuli zilipoanza tu, sehemu ya kazi yetu ilishuka shambani kwa watu. Walioharibikiwa tumewaomba radhi, na naomba radhi tena mbele ya mkutano huu.

Mhandisi tuliyemwomba aje aone alitushauri tuipanue kona kwa upande wa ndani, njia tuilaze kidogo kuelekea mlimani ili maji yaingie mtaroni badala ya kuvuka barabara, na majani yarudishwe kabla ya jembe jingine kuguswa. Kwa kijito alipendekeza daraja la mawe la upinde, la aina ambayo TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, imekuwa ikijenga Kigoma na kwingineko. Linahitaji saruji, lakini halihitaji nondo kama la zege, na mawe kwetu hayanunuliwi. Alisisitiza pia kwamba kila barabara iishiapo pawe na nafasi ya gari kugeuza, maana dereva anayelazimika kurudi kinyumenyume gizani ni ajali inayosubiri kutokea.

Matengenezo ya kudumu hatutayaweza kwa majembe yetu. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, yenye mtandao wa takriban kilomita 144,000 nchi nzima, na kijia kisicho kwenye orodha yake hakipangiwi fedha. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo, kwa hiyo hata bodaboda wetu ni wachangiaji, na hatuendi kuomba sadaka. Ila kabla ya kuomba kusajiliwa, ni lazima ardhi iwe imeridhiwa na wenyewe kwa maandishi, mkutano mkuu wa kijiji uridhie, kisha suala lipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata.

Hapo kwenye ardhi bado hatujamaliza. Mama mmoja, mjane, anaombwa atoe ukanda wenye viazi na miti ya plamu, naye hajakubali. Nimesikia watu wakisema anazuia maendeleo, na maneno hayo siyaungi mkono. Shamba lake ni dogo, ukanda ule ndio wenye rutuba, na aliyemwomba ni chama kilichokwisha kumwaga udongo kwenye shamba la jirani yake. Kamati inapendekeza njia ipindishwe ipite kwenye mpaka, ingawa itakuwa ndefu zaidi, au alipwe miti yake kwa bei atakayokubali yeye.

Leo mkutano unaombwa kuchagua moja kati ya hayo mawili, kwa kura. Lolote litakalopita, Jumamosi ijayo tutakutana penye mparachichi saa moja asubuhi, kila kaya ije na miche ya majani ya kupanda ukingoni. Majembe yabaki nyumbani.